Pua ya Calogera

Jambo la kwanza alilolifanya Calogera Tumminia asubuhi ya tarehe kumi na nane Machi, siku moja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, lilikuwa kumwaga mfuko mzima wa chenga za mkate kwenye banda la kuku.

"Wifi!" Ninfa alipiga kelele kutoka mlangoni, mikono kichwani. "Nimezileta kutoka nyumbani kwangu! Nimezisaga mwenyewe!"

"Umezisaga kwa mashine."

"Sasa mashine ina ubaya gani?"

"Imezifanya poda. Siku nikiwa na mtoto wa kupaka poda nitakuita."

Ninfa alikuwa dada wa Gaspare, mume wa Calogera, na kwa miaka arobaini na minne alikuwa akiingia jikoni mle bila kubisha hodi. Hakuwa mtu mbaya. Ila mdomo wake haukuwa na breki. Ukimuuliza saa ngapi, alianza na habari za fundi aliyemtengenezea saa, na mkewe fundi, na ugonjwa wa mkewe fundi. Calogera alikuwa mtu wa maneno machache na hasira nyingi, na kila Ninfa alipovuta kiti akakaa, alihisi nyongo ikimpanda taratibu.

Kwetu Montefico, juu huku kwenye vilima vya Sisilia, chenga za mkate si mchezo. Zamani jibini lilikuwa la wenye nacho. Sisi wengine tuliukwaruza mkate mkavu, tukazikaanga chenga zake kwa mafuta ya zeituni, tukanyunyiza juu ya chakula, na tukashukuru. Siku hizi jibini lipo kila duka, lakini tambi za Mtakatifu Yosefu ukizitilia jibini watu watakuangalia kama mwizi wa sadaka. Na mboga za siku hiyo, zile koliflawa, na artichoki, yaani matumba ya maua yanayoliwa, na mashina yenye nyuzi ya kardoni, ndugu yake artichoki, lazima zivae koti la chenga ndipo zikaangwe. Likibanduka mtu anajua. Likilowa mafuta mtu anajua. Likiungua, basi, hadi mwaka mwingine utasikia habari zake kwa kinyozi.

Kwa miaka thelathini na moja mambo hayo yote yalikuwa mikononi mwa Calogera. Kila nyumba iliyoandaa meza ya mtakatifu ilimtuma mtu: "Shangazi, njoo utukaangie chenga." Alikwenda na kikaango chake cha chuma, kizito, cheusi kama tundu la bomba la moshi, na hakuruhusu mtu akishike. Mkate wake ulikuwa wa siku tatu. Wa siku mbili unajikunja kwenye kikwaruzo kama ufutio, alisema, na wa siku nne umekufa. Aliukwaruza kwa mkono, akazichekecha chenga mara mbili: kubwa za kunyunyiza juu, ndogo za kuvalisha mboga. Na wasichana walipomuuliza unajuaje kwamba zimeiva, maana mkate wetu ni wa ngano ngumu na una rangi ya udongo hata kabla ya kuguswa na moto, na kikaango ndicho hicho cheusi, alikuwa akijigonga puani kwa kidole. "Hii," alisema. Basi. Somo limekwisha, nendeni nyumbani.

Hakujua kwamba jeuri ile ingemgeukia.

Novemba mwaka uliopita Gaspare alipasuliwa moyo huko Palermo. Kwa muda wa saa saba alikuwa ndani. Calogera, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la hospitali na koti lake mapajani, alimwekea nadhiri Mtakatifu Yosefu: mume wangu akitoka mzima, Machi nitakuandalia meza, watakatifu watatu, na kila mboga itakayowekwa pale nitaipika kwa mikono yangu mwenyewe, mtu mwingine asishike mwiko. Gaspare akatoka mzima. Akarudi nyumbani na kovu la kifuani ambalo alimwonyesha kila mtu, hata mtu wa posta.

Januari Calogera akapata mafua makali. Alilala siku tisa. Alipoamka, kahawa ilikuwa maji ya moto tu. Vitunguu saumu vilikuwa vitu vyeupe. Alinusa shati la Gaspare, akanusa siki, akanusa chupa ya dawa ya kusafishia sakafu mpaka macho yakatoka machozi, na puani hamkuwa na kitu. Alijiambia itarudi. Februari haikurudi. Hakumwambia mtu. Maziwa yalipofurika na kuungua jikoni akiwa amekaa hatua mbili tu, Gaspare akasema, "Mke wangu, tumezeeka," naye akamjibu azeeke peke yake.

Na sasa Machi ilikuwa imefika, na kulikuwa na jambo moja la kumsaidia na moja la kumwangamiza, na yote mawili yalikuwa ni kitu kimoja. Kwetu chakula cha meza ya mtakatifu hakionjwi. Mpishi anapika kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kutia hata tone ulimini, mpaka watakatifu watakapokuwa wamekula: mzee mmoja, binti mmoja na mtoto mmoja, watu wasio na kitu, wanaoalikwa wakae mezani kama Yosefu, Maria na Yesu. Kwa hiyo hakuna ambaye angemwambia Calogera onja, na kumkuta hana ulimi wa kuonja. Lakini pia hakuna ambaye angemwambia umeharibu. Angejua mbele ya mji mzima, nyuso za watakatifu zikikunjamana juu ya sahani zake, na Gaspare amesimama pembeni miguu mitupu, akihudumia, kama desturi ilivyotaka.

"Wewe kaa pale," alimwambia Ninfa, "menya kardoni, toa nyuzi zote, na ninyamazie."

"Nimesema nini?"

"Bado hujasema. Ndiyo maana nakuwahi."

Akawasha moto. Akatia mafuta, akatia kitunguu saumu kilichopondwa, akakitoa kilipobadilika rangi, akamwaga chenga. Akaanza kukoroga kwa mwiko, polepole, mviringo, kama alivyokoroga tangu akiwa bibi harusi. Nyuma yake Ninfa alikuwa ameshaanza: binti wa jirani amechumbiwa na mtu wa Trapani, mtu mwenyewe ana kipara, lakini kipara si kitu, babake Ninfa alikuwa na kipara na alikuwa mtanashati...

Calogera aliinama juu ya kikaango. Zimeiva? Alivuta pumzi. Hewa ya moto, basi. Aliinama zaidi. Rangi ilikuwa ileile ya udongo, au imekolea? Mwanga wa dirishani ulikuwa hafifu. Bado kidogo, alijiambia. Akakoroga. Bado kidogo tena.

Ninfa akanyamaza.

Hilo ndilo lililomshtua Calogera, maana hajawahi kumsikia akinyamaza katikati ya sentensi. Akageuka. Wifi yake alikuwa amesimama, kisu mkononi, anamtazama.

"Wifi," Ninfa alisema, "zinaungua."

"Haziungui."

"Zinaungua, na zimeungua kitambo. Nilidhani unafanya makusudi. Nikasema labda kuna namna mpya."

Calogera alizimimina kwenye sinia, akalisogeza dirishani. Zilikuwa nyeusi kama masizi.

"Umenipigia kelele masikioni," alisema. "Mtu atafanyaje kazi na redio mgongoni?"

Ninfa alisogea. Alichukua kitunguu saumu kutoka mezani, akakiponda kwa ubapa wa kisu, akakisogeza chini ya pua ya Calogera. Calogera hakupepesa jicho. Ninfa akakishusha.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mjinga, Calogera. Tangu lini?"

"Tangu mafua."

"Januari! Na umekaa kimya miezi miwili! Gaspare anajua?"

"Hajui, na ukimwambia nitakukata ulimi kwa hicho kisu." Alilisukuma sinia pembeni. "Kati ya watu wote wa Montefico, Mungu wangu. Watu elfu tatu! Na aliyegundua ni huyu! Kesho saa mbili watakuwa wananiimba sokoni."

"Asante," alisema Ninfa. "Asante sana, wifi. Nipe huo mwiko."

"Nadhiri ni yangu. Niliapa kwa mikono yangu."

"Mikono, ndiyo. Pua uliitaja?"

Calogera aliushikilia mwiko. Alijaribu kukumbuka maneno aliyoyasema pale kwenye benchi, moja moja. Pua hakuitaja.

"Simama hapa," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Usiguse kitu. Nusa, uniambie. Na uniambie kwa ufupi."

Ninfa na ufupi, jamani! Kikaango cha pili kilipowekwa motoni, alikaribia, akafumba macho kama anayesali, akavuta pumzi.

"Ehe?" Calogera akauliza.

"Zinanuka... ngoja... zinanuka kama ghala la baba, ile siku tuliyohamisha magunia, unakumbuka, Gaspare akaanguka kutoka kwenye ngazi na..."

"Ninfa! Mbichi au zimeiva?"

"Nafika huko."

"Ukifika zitakuwa majivu!"

"Mbichi. Ghala ni mbichi. Ungeniacha nimalize ungejua."

Calogera aliuma meno. Wakapatana maneno manne, kama watu wanaofundishana ishara za vita: unga, mkate, lozi, moto. Unga ni bado. Mkate ni karibu. Lozi ni toa. Moto ni umeshachelewa. Neno lingine lolote lilipigwa marufuku.

"Unga," alisema Ninfa. "Unga. Unga bado. Mkate. Mkate wa jana. Sasa mkate wa leo asubuhi, ule wa kwa..."

"Mkate tu!"

"Mkate tu. Mkate. Mkate. Ngoja. Mmh. Kuna kitu. Sijui kama ni lozi ile mbichi au ile ya..."

"Lozi?"

"Lozi! Lozi, toa! Toa, toa, toa!"

Calogera alikinyanyua kikaango kwa mikono miwili, akazimwaga chenga kwenye sinia la baridi, maana ukiziacha katika chuma zinaendelea kujikaanga hata moto ukizimwa. Akazitandaza kwa mwiko. Akachukua chache, akazisugua kati ya vidole: kavu, hazijalowa mafuta, zinalia kama mchanga. Vidole vilikuwa vimesema sawa. Lakini vidole vingesema sawa hata kwa zile za kwanza.

"Ni zenyewe?" aliuliza, bila kumtazama.

"Ni zenyewe."

Walikaanga masinia matano hivyo. Katika sinia la tatu waligombana kama kuna tofauti kati ya lozi na njugu, na Ninfa akatoka nje kwenda kuvuta hewa kwa sababu, alisema, pua si gari la kukodi, inachoka. Calogera alibaki na mwiko hewani na moto umezimwa, akimngoja, akimtukana kimoyomoyo kwa majina aliyoyakusanya kwa miaka arobaini na minne. Akaona ajabu: anamngoja Ninfa. Hajawahi kumngoja Ninfa maishani mwake. Siku zote alingoja aondoke.

Mchana ikawa zamu ya kuvalisha mboga. Hapo Calogera hakuhitaji mtu. Koliflawa ilikuwa imechemshwa nusu na kukaushwa juu ya kitambaa, maana mboga mbichi ya maji huvua koti ikiona mafuta. Alizipitisha katika unga, kisha yai, kisha chenga ndogo alizozichanganya na dagaa wa chumvi waliosagwa na maganda ya limau. Alizikandamiza kwa kiganja, kila kipande, akakilaza kando kipumzike ili koti lishike. Mikono ilikimbia yenyewe. Kwa nusu saa nzima alisahau kuwa na hasira.

Alipofungua kopo la mafuta ya kukaangia, Ninfa aliinua kichwa kule alikokuwa akimenya.

"Hayo ya lini?"

"Ya kwenye stoo. Yamejaa, sijayagusa."

"Wifi, yamechacha."

Calogera alilitazama kopo. Mafuta yalikuwa safi, ya dhahabu, yaking'aa. Aliyatikisa. Mazuri kabisa kwa macho. Angeyamimina yote, angekaangia mboga zote za mtakatifu, sahani thelathini, bila kujua kitu, akatabasamu na kuzipeleka. Alilifunga kopo, akalibeba hadi nje, akaliweka chini ya ukuta, akasimama huko kwa muda akiwa ameuegemea.

Aliporudi, Ninfa alikuwa ameshatuma mtu kuchukua mafuta kwake. Alizungumzia kipara cha mtu wa Trapani.

Siku ya pili asubuhi walizikaanga mboga kwa maneno yaleyale manne, na saa sita watakatifu walibisha mlango wa kwanza wakakataliwa, wakabisha wa pili wakakataliwa, kama inavyopaswa. Wa tatu ukafunguliwa. Chumba kilijaa watu hadi uani. Yosefu wa mwaka ule alikuwa Mzee Liborio, fundi viatu aliyestaafu, mtu asiyesifu kitu. Aliwahi kula kwenye meza ya familia moja tajiri na kusema tu kwamba viti vilikuwa imara. Calogera alipomwona anaketi, moyo ulimshuka.

Gaspare alihudumia miguu mitupu, shati limefungwa hadi shingoni. Alileta tambi na chenga zake. Watakatifu wakala, watu wakapiga ukelele, "Uishi, Mtakatifu Yosefu!" Tambi ni tambi, hilo halikumwondolea Calogera wasiwasi. Kisha zikaja mboga.

Mzee Liborio alichukua kipande cha artichoki kwa vidole. Aliking'ata, na chumba kizima kikasikia koti likivunjika. Akatafuna. Akatazama dari. Akameza. Calogera alisimama kwenye mlango wa jikoni, amelishika fundo la aproni yake, na kando yake Ninfa alikuwa amelishika fundo lilelile.

Mzee akachukua kipande cha pili. Cha tatu akampa mtoto aliyekuwa Yesu, ambaye alikitia chote mdomoni. Kisha Liborio akamgeukia Gaspare, akiwa bado anatafuna.

"Kuna nyingine?"

Kelele zilizopigwa zilitikisa madirisha. Gaspare alilia waziwazi, sahani mikononi, akitaka kujifuta na hana mkono wa kujifutia. Watu walimkumbatia Calogera, wakambusu, wakamwambia pua hiyo ihifadhiwe kanisani. Yeye alisema ndiyo, ndiyo, sogeeni, mboga zinapoa.

Watakatifu waliposhiba, ruhusa ikawa ya wote. Calogera alichukua sahani ndogo, akatia kipande cha koliflawa na kipande cha kardoni, akaenda nayo jikoni, akaurudishia mlango. Alikaa. Akaking'ata kipande cha koliflawa.

Kilivunjika vizuri sana. Alisikia sauti yake hadi ndani ya fuvu. Alisikia joto, alisikia ulaini wa ndani, kingo kali za chenga kwenye ufizi. Akangoja. Akatafuna hadi kikaisha, na hapakuwa na kitu kingine. Akajaribu kardoni, na nayo vilevile.

Mlango ukafunguka, Ninfa akaingia bila hodi, mashavu yamejaa.

"Umekula?" Calogera alimuuliza.

Ninfa alitikisa kichwa kwa kukubali.

"Zikoje?"

Ninfa alimeza. Alimtazama wifi yake na sahani ile mapajani mwake. Akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Macho yalimjaa maji.

"Mungu wangu, huyu mwanamke!" Calogera alipiga meza. "Miaka arobaini na minne nakuomba unyamaze, hunyamazi! Leo ndiyo nakuomba useme, unanilia! Zikoje?"

"Ni zilezile, wifi," Ninfa alisema. "Zilezile zako za siku zote."

"Zilezile zikoje? Ndilo ninalokuuliza. Mimi sizikumbuki tena."

Ninfa alivuta kiti kingine, akakaa mbele yake, magoti yao yakagusana. Alichukua kile kipande cha kardoni kilichong'atwa, akakila, akajifuta macho kwa kiganja. Akaanza kwa kusema kwamba ili aeleze vizuri itabidi arudi nyuma kidogo, hadi mwaka ule Gaspare alipomleta bibi harusi nyumbani kwao, na mvua iliyonyesha siku hiyo, na mama yao aliyekuwa amekasirika kwa sababu ya kuku.

"Endelea," alisema Calogera.